Hela ya fundi inapitia wapi kabla ya kumfikia

Mwombe fundi yeyote wa Dar es Salaam bei ya kukujengea nyumba, na kabla hajataja shilingi atakuuliza: "Ufundi tu, au na vifaa juu yangu?" Mwenye haraka hudhani hilo ni swali la bei. Kwa kweli ni swali la mkopo. Anayenunua saruji na nondo ndiye hela yake itakayolala saiti mpaka mwenzake atimize sehemu yake, na fundi anataka kujua mapema kama hela hiyo itakuwa yako au yake.

Mwajiriwa hulipwa kwa sababu mwezi umekwisha. Mkandarasi binafsi, awe fundi ujenzi, mpiga picha, mfasiri, mhandisi mshauri au kijana anayetengeneza tovuti, hulipwa kwa sababu jambo fulani limetokea: ukuta umefika kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango), ripoti imepokelewa, hati imesainiwa. Baina ya kufanya kazi na kushika hela kuna muda, na ndani ya muda huo daima kuna mmoja aliyetangulia kutoa chake. Ama bosi ametoa hela kwa kazi ambayo haijafanyika, ama fundi ametoa jasho kwa hela ambayo haijatoka. Mitindo ya kulipana ni mingi na sheria zake ni nyingi zaidi, lakini ukiupima kila mtindo kwa swali la nani anamkopesha nani, na kwa siku ngapi, mengi yanajieleza yenyewe.

Pale saiti

Deiwaka, kibarua wa kutwa, ndiye anayekopesha kidogo kuliko wote: anaamka asubuhi, anabeba zege, jioni anakunja chake. Anachomdai bosi hakivuki machweo. Hasara ya mtindo huo iko upande wa mwenye nyumba, maana anayelipwa kwa siku hana sababu ya kuimaliza kazi leo. Ndiyo maana watu wengi huhamia kwenye bei ya tofali: fundi anahesabiwa tofali alizojenga, basi. Hapo kazi itakwenda mbio, tena mbio sana, na mwenye nyumba mwenye akili atashika timazi yeye mwenyewe au ataweka mtu wa kuishika, kwa sababu tofali lililojengwa limepinda linahesabiwa sawa na lililonyooka.

Mtindo ulioenea zaidi kwa nyumba za watu binafsi ni wa hatua. Mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi anauza ufundi, na bei ya ufundi inakatwa vipande: msingi mpaka jamvi (sakafu ya zege), boma (kuta) mpaka lenta, kupaua, plasta. Unaonekana mtindo wa haki, na mara nyingi ni wa haki, ila ndani yake kuna mtego ambao wengi hawauoni mpaka umewanasa.

Tuchukue hesabu ya kubuni, namba zake rahisi. Ufundi wa nyumba nzima umekubaliwa kwa shilingi milioni 6. Bosi anatanguliza asilimia 30, yaani milioni 1.8, na malipo yanayofuata yatatoka boma likifika lenta. Fundi anaingia na wajenzi wawili wa shilingi 30,000 kwa siku na saidia fundi wanne (mtu wa mkono, wangesema Nairobi) wa shilingi 15,000. Hiyo ni 120,000 kwa siku, 720,000 kwa juma la siku sita. Milioni 1.8 inawalipa watu wake kwa majuma mawili na nusu, na yeye mwenyewe hajala chochote. Kama kutoka kuchimba msingi mpaka lenta kunachukua majuma manne, anahitaji 2,880,000. Pengo ni shilingi 1,080,000.

Pengo hilo linazibwa na nani? Saidia fundi hawezi kusubiri lenta. Analipwa leo au kesho haji. Benki haimjui fundi. Kwa hiyo fundi anafanya kitu pekee kilicho mikononi mwake: anachukua kazi ya pili Chanika, anapokea advansi ya huko, na kwa advansi hiyo anawalipa vibarua wa kwako. Sasa ana saiti mbili, watu wa saiti moja na nusu, na wiki ijayo utampigia simu haipatikani. Mtaani tutasema fundi kaingia mitini, fundi mwizi. Wezi wapo, sikatai. Lakini mara nyingi kilichomkimbiza ni mgawanyo wa malipo uliomlazimisha akukopeshe milioni moja ambayo hakuwa nayo. Mwenye nyumba aliyejidai mjanja kwa kuishikilia hela mpaka lenta ndiye aliyempeleka Chanika.

Dawa yake haina siri: katakata hatua ziwe ndogo, zilingane na juma la vibarua. Msingi ulipwe peke yake, jamvi peke yake, kozi sita za mwanzo (mistari ya tofali) peke yake. Bosi hapotezi chochote, kwa kuwa bado analipa kazi anayoiona kwa macho, na fundi hana sababu ya kuhangaika kwingine. Kitu cha kulindwa ni kipande cha mwisho. Kikiwa kidogo mno, fundi akishapiga plasta ya vyumba vyote hatarudi kuziba nyufa za veranda kwa ajili ya laki mbili.

Kazi ya "vifaa juu yangu" inageuza mizani yote. Hapo advansi inakuwa kubwa, kwa sababu ndani yake kuna saruji, mbao na bati, na sasa bosi ndiye mkopeshaji. Kuna njia ya kati ambayo mafundi waaminifu huikubali bila kununa: bosi analipa vifaa moja kwa moja dukani kwa profoma (ankara ya awali), risiti inaandikwa kwa jina lake, na hela ya ufundi inapita mlango mwingine.

Kazi za Serikali, kazi kubwa

Anayedhani makampuni makubwa yanacheza mchezo tofauti akafungue mkataba wa barabara. Vipengele ni vilevile, vimevaa suti. Advansi ipo, ila mkandarasi anapewa akishaleta dhamana ya benki, kiasi kwamba akitoroka benki ndiyo italipa. Kupima kozi za tofali kumekuwa hati ya madai: mkandarasi anaandika kazi aliyofanya, mhandisi msimamizi anaipima na kutoa hati ya malipo. Katika kitabu chekundu cha FIDIC cha mwaka 1999, mkataba wa kimataifa unaotumika sana kwenye miradi ya wafadhili, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati hiyo, na mwenye mradi ana siku 56 za kulipa, zikihesabiwa tangu mhandisi alipopokea madai. Karibu miezi miwili ya kumkopesha mwenye mradi, na hapo kila mtu ametimiza ahadi yake.

Kisha kuna ritensheni. Kila malipo yanapotoka, asilimia fulani inabakizwa, mara nyingi 5 au 10. Nusu yake hurudi kazi inapokabidhiwa, na nusu nyingine hurudi baada ya kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni mwaka mzima, ikithibitika kwamba ukuta haujapasuka na lami haijabanduka. Kwa mkandarasi ambaye faida yake yote ni asilimia kumi, ritensheni ya asilimia kumi ina maana kwamba alikabidhi jengo akiwa hajagusa faida hata senti. Aliyeipata kazi ndogo kutoka kwa mkandarasi huyo, fundi umeme au fundi bomba, naye atakatwa vilevile, na atasubiri zaidi, kwa sababu mara nyingi mkataba wake unasema analipwa bosi wake akilipwa.

Katika ngazi ya halmashauri Tanzania imekuwa na njia nyingine, maarufu kwa jina la "force account". Shule au zahanati inanunua vifaa yenyewe kupitia kamati zake za manunuzi, mapokezi na ujenzi, na fundi wa mtaa anasaini mkataba wa ufundi peke yake. Njia hii ndiyo iliyotumika zaidi mwaka 2021, pale sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ilipopelekwa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa shilingi milioni 20. Kwa fundi ambaye hana mtaji ilikuwa neema, kwa kuwa hakutakiwa kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Tatizo lake liko kwenye saini. Kazi hukaguliwa na mhandisi wa halmashauri, na mhandisi mmoja ana kata nyingi na gari moja. Fundi aliyemaliza boma Jumatatu anaweza kumngoja siku kadhaa, huku watu wake wakiuliza chakula.

Anayeuza kazi ya kichwa

Mfasiri, mchora grafiki au mtu wa mifumo ya kompyuta hana saruji ya kununua, na kwa hiyo wateja hudhani hana anachokopesha. Anakopesha muda, na muda wake una kodi ya pango na bando. Njia ya hela yake huanza na LPO (hati ya oda ya mteja) au mkataba, inapitia kazi yenyewe, kisha kukubaliwa kwa kazi, kisha ankara, kisha idara ya fedha, ndipo benki. Kwa mteja wa Serikali ya Tanzania zabuni hupitia mfumo wa NeST na malipo hupitia MUSE, na kila mfumo una watu wa kubofya "nimeidhinisha".

Karibu kila ankara inaandikwa "malipo ndani ya siku 30". Siku 30 tangu lini? Hapo ndipo hela inapopotelea. Mfasiri anahesabu tangu alipotuma kazi. Afisa mradi anahesabu tangu alipoisoma na kuikubali, na anaweza kukaa nayo majuma matatu. Idara ya fedha inahesabu tangu ilipopokea ankara iliyo sahihi, na ankara yenye TIN (namba ya mlipakodi) iliyokosewa tarakimu moja, isiyotaja namba ya LPO, au isiyo na risiti ya mashine ya EFD, kwao haijapokelewa kabisa. Ikirudishwa na kurekebishwa, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo siku 30 za kwenye karatasi zinageuka 70 bila mtu yeyote kuvunja neno lake. Kenya kisu ni kikali zaidi: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki) haikubaliwi na KRA, mamlaka ya mapato ya huko, kama gharama ya biashara, na kwa hiyo mhasibu hana sababu ya kukuonea huruma. Bila eTIMS, kukulipa wewe kunamwongezea kodi yeye.

Katika mkataba, sentensi moja inatosha kuziba tundu hilo: kazi itahesabika imekubaliwa kama mteja hatatoa maoni ya maandishi ndani ya siku kadhaa, tuseme kumi, tangu kuipokea. Wateja wengi huikubali bila ubishi, pengine kwa kuwa hawaisomi.

Halafu inakuja siku ya malipo na hela haijatimia. Kwa Tanzania, kampuni, taasisi au mfanyabiashara anayemlipa mkazi kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ankara ya shilingi milioni 2 inaingia benki ikiwa 1,900,000. Mtu anayejenga nyumba yake ya kuishi, asiye katika biashara, hakati. Kwa asiye mkazi ni asilimia 15. Katika ujenzi, bei yenye vifaa na kazi hugawanywa kwa uwiano wa tatu kwa mbili, vifaa vitatu, huduma mbili, na kodi inakatwa kwenye sehemu ya huduma peke yake. Kwenye kazi ya milioni 50 zuio ni asilimia 5 ya milioni 20, yaani milioni moja. Kenya hukata asilimia 5 kwa huduma za kitaalamu na asilimia 3 kwa malipo ya kandarasi, malipo yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, na kwa wasio wakazi ni asilimia 20.

Watu wawili wanakosea hapa kwa namna mbili. Wa kwanza anaona asilimia 5 imekwenda, anahesabu kwamba kodi imekwisha, na mwisho wa mwaka hafanyi ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yake. Kwa mkazi anayefanya biashara kodi ya zuio ni malipo ya awali tu. Inahesabiwa upande wake pale kodi ya mwaka inapokokotolewa, na kama alichokatwa kimezidi anachodaiwa, ziada ni yake. Wa pili anajua hayo yote ila hana cheti cha zuio. Mteja alikata, pengine hata akawasilisha, lakini bila cheti mfumo haumtambui na anatozwa mara ya pili. Cheti kidaiwe siku ileile hela inapoingia, wakati mhasibu bado anapokea simu yako.

Wengine hupandisha bei ili wabaki na kile walichokitaka: anayetaka milioni 2 mkononi anaandika 2,105,263, ambayo ukiitoa asilimia 5 inarudi kwenye milioni 2. Sioni ubaya wa kujadiliana hivyo, mradi mtu ajue kwamba ile 105,263 nayo ni mapato yake na itaonekana kwenye ritani. VAT ni habari nyingine: kiwango cha kawaida ni 18 kwa mia Tanzania, 16 Kenya, inaongezwa juu kwa aliyesajiliwa, zuio la kodi ya mapato halihesabiwi juu yake, na si hela ya kununulia chochote. Na waliozoea kuandika ankara kwa dola wakiwa Mikocheni na mteja yuko Masaki wakumbuke kwamba tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi.

Mkandarasi asiye mkandarasi

Kuna kundi kubwa la watu wanaotoa ankara kila mwezi, tarehe ileile, kiasi kilekile, kwa mteja yuleyule, wakikaa kwenye kiti cha mteja na kuomba ruhusa wakitaka kwenda msibani. Kwenye karatasi ni washauri. Sheria ya Tanzania haikubali karatasi kirahisi hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama kuna hata moja kati ya mambo haya: namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, amepewa naye vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi yeye peke yake.

Tazama mzigo wa kuthibitisha uko kwa nani: ni kwa mwajiri. Mtu huyo akienda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na akaonekana ni mwajiriwa, anastahili likizo ya siku 28 yenye malipo na michango ya hifadhi ya jamii, ambayo kwa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara ikijumlisha ya pande zote mbili. Ndiyo maana "ushauri" wa aina hii ni nafuu kwa ofisi. Anayeukubali kwa hiari aukubali, lakini bei yake ikiwa sawa na mshahara wa jirani yake wa meza, basi likizo, matibabu na uzee anavilipia yeye.

Mteja aliye ng'ambo

Majukwaa ya mtandaoni yamelijibu swali la mkopo kwa kumweka mtu wa tatu. Upwork, kwa kazi ya bei maalumu, mteja anaweka hela kwa jukwaa kabla kazi haijaanza. Ukiwasilisha ana siku 14 za kuikagua, na akinyamaza hela inaachiwa. Kazi ya saa inarekodiwa kwa picha za skrini, juma linafungwa Jumapili, na hela inapatikana siku kumi baadaye. Kwa mtu wa Mombasa ambaye hawezi kumfuata mteja wa Toronto hadi mlangoni kwake, ulinzi huo una thamani kuliko kamisheni inayokatwa. Anayehama na mteja kwenda pembeni ili kuikwepa kamisheni anarudi kuwa mkopeshaji asiye na dhamana. Kinachouma zaidi ni safari ya mwisho: dola zikigeuzwa kuwa shilingi, kiwango anachopewa huwa chini ya kile cha soko, na makato hayo hayaandikwi popote kwa jina la makato.

Ikishindikana

Makubaliano ya mdomo ni mkataba, Tanzania na Kenya. Shida iko kwenye kuyathibitisha. Hatua ya kwanza ni barua ya madai yenye kiasi, tarehe na siku za kulipa, na ofisi nyingi hulipa hapo, kwa sababu barua inafika kwa mtu ambaye hakujua kwamba kuna deni. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Tanzania, dai la mkataba linaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita tangu haki ya kudai ilipoanza, na deni dogo linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kuwa ushahidi, kwa hiyo ule wa WhatsApp unaosema "fundi endelea tu, hela Ijumaa" usiufute. Mahakama itataka kujua umetoka simu gani, ulihifadhiwaje, na kama kuna aliyeweza kuugusa. Aliyebakiza picha ya skrini tu, simu yenyewe akaiuza, atakuwa na kazi ngumu ya kujibu.